Rangi Chini ya Waya

Jumanne, 4 Juni

Nimemaliza kuipaka ndege ya Yorladis. Nyeupe, mstari mwekundu ubavuni — inang'aa mpaka ndege wenye manyoya wanaionea wivu! Villavicencio nzima hakuna mpaka rangi kama mimi, na shule niliishia darasa la nne. Yorladis, mtoto wa dada yangu na rubani mwenyewe, kaizunguka mara mbili. "Mjomba, hii ndege au bibi harusi?"

Imebaki kurudisha zile waya bapa za kusuka, zinazounganisha vipande vinavyocheza vya mbawa na mkia na mwili wa ndege. Radi ikipiga, ipite kwenye bati la nje itokee zake mkiani, isiingie kwenye redio na saa za vipimo za rubani. Fundi Abelardo huzihubiri kama padri: kwangua rangi mpaka bati lionekane, ndipo ufunge. Ananifundisha mimi! Mimi niliyepigwa na radi mara tatu juu ya farasi — na farasi mmoja alikufa mara mbili!

Alhamisi, 6 Juni

Waya zote kumi na moja, tayari. Sikukwangua. Kuikwangua rangi ile ni kama kumchuna mtoto. Nimekaza skurubu mpaka zikalia, inatosha.

Abelardo kaamka na jino, shavu kama amebugia yai zima. Kauliza kwa nusu mdomo: "Umekwangua?"

"Mpaka bati likacheka!"

Kwa kawaida angepima mwenyewe. Leo kashika shavu, kakimbilia kung'olewa. Jioni ndama wa kuchoma kwa dada. Nilikula kwa watu wanne.

Jumamosi, 8 Juni

Yorladis kapeleka dawa ranchi ya mbali, ng'ambo ya mto Meta. Kesho anarudi na bibi mmoja anayekuja kutolewa mtoto wa jicho.

Mvua. Sina kazi. Nikachukua mita ya Abelardo, nikafunga waya kwenye bati nililojaribia rangi — skurubu zile zile, na rangi mpaka ndani ya tundu, maana mimi sipaki nusu nusu. Umeme ukipita, mita hulia. Haikulia. Nikabadilisha betri. Kimya. Nikakwangua kidogo kwa kisu — ikapiga kelele kama jogoo!

Sijala.

Jumapili, 9 Juni

Mawingu meusi tangu saa nne. Saa tano Yorladis hewani: bibi amepanda, anawasha injini, mawingu atayakwepa kwa kusini.

Redio ya karakana inasikiwa na marubani wote, na nusu yao walikuwa pale pale wanakunywa kahawa. Nikashika kisemeo.

Nikasema asiruke. Waya za radi nimezifunga juu ya rangi. Hazishiki. Abelardo nilimdanganya.

"Evelio, hadithi hiyo nayo ina sehemu ya pili?" mmoja akadakia. Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nikajua hata Yorladis huko anacheka.

Halafu sauti yake: "Mjomba, hujawahi kusimulia kitu ambacho mjinga ni wewe. Nazima injini."

Hakuna aliyecheka tena.

Saa kumi. Niko kwenye pikapu na Abelardo, msasa na mita mapajani, tunangoja kivuko. Sasa hivi kauliza: "Ngapi ulikwangua?"

Hata moja, nimemwambia.

Kashuka, kasimama kwenye mvua.

Upande wa ranchi radi inamulika. Na Yorladis kapiga simu: bibi kakataa kushuka ndegeni. Amengoja macho yake miaka miwili, na ndege anaiona nzuri, haina kasoro. Kasoro hiyo anataka aambiwe na aliyeipaka rangi. Simu ninayo mkononi, yule bibi anasema haloo, haloo, na Abelardo amesogea dirishani kusikiliza.