Siku Niliyoita Thelathini na Mbili

Ngarenaro, Arusha
Jumapili jioni

Kwa dada yangu mpendwa Elirehema,

Shikamoo dada. Kabla sijafika mbali ujue kwamba barua hii inaandikwa na mkono ambao ukiinuliwa, wachezaji wa vishale wa Afrika Mashariki nzima wananyamaza. Bila mimi mchezo huu ungeshazikwa zamani, na hilo hata wanaonichukia wanalijua, ingawa hawalisemi.

Natumaini goti lako linakuruhusu kwenda kanisani, na yule ng'ombe mwekundu amezaa salama. Shemeji naye vipi, bado anagombana na nyani wa migombani? Mimi ni mzima wa mwili. Wa mwili tu, dada. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikatisha, unasema Elihuruma fupisha, na habari hii haifupishiki. Ataileta Godbless wa gari la maziwa.

Jana ilikuwa siku ya Kombe la Mlima, ukumbini kule Themi. Niliamka mapema nikasukutua koo kwa tangawizi na asali, maana mwamuzi ni sauti. Wewe hujawahi kunisikia nikiita mia na themanini, alama za juu kabisa za zamu moja ya vishale vitatu. Mwaka juzi niliiita madirisha yakiwa wazi, nyati wa Momela wakaacha kunywa maji. Aliniambia askari wa hifadhi mwenyewe. Kuna Mzungu mmoja mtalii alitoa machozi, akanisihi niende kwao nikawafundishe waamuzi wao. Nikamwambia nchi yangu bado inanihitaji.

Kazi yenyewe ni hivi, usije ukadhani ni ya walevi. Mchezaji anaanza na mia tano na moja. Kila kishale kinapunguza, na wa kwanza kumaliza ndiye mshindi, ila kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye duara jembamba la nje linalohesabu mara mbili. Tunaliita dabo. Mimi nasimama mbele, naangalia, naita. Pembeni yangu kuna ubao wa hesabu, na jana aliyeshika chaki alikuwa Lomayani, fundi baiskeli, anaandika kila mtu amebakiza ngapi. Lomayani haruhusiwi kufungua mdomo. Ukumbini mwenye mdomo ni mmoja. Na mchezaji akiuliza amebakiza ngapi, mwamuzi lazima amjibu.

Sasa, Brightness. Najua alikuambia anakwenda kucheza tu, kujifurahisha. Hakukuambia yote, dada, aliogopa kukupa matumaini. Alikuja kocha mmoja kutoka Dodoma, mama anaitwa Diana, wa timu ya taasisi moja ya serikali. Alitangaza mbele ya watu wote kwamba bingwa wa kina mama wa jana ataondoka naye, apewe kazi ya ofisini na aichezee timu yao. Hawachukui aliyetimiza miaka thelathini, na mwanao anaitimiza Septemba. Unajua anapotoka. Yale mabanda ya maua, zile dawa wanazonyunyiza, na kile kikohozi kinachomwamsha ameshika mbavu. Daktari alishamwambia aache. Aache aende wapi?

Alicheza, dada! Ungemwona ungesahau goti. Asubuhi aliwatoa wawili kama anayefagia uwanja, mchana akamtoa bingwa wa mwaka jana. Mama mmoja muuza ndizi aliyekaa mbele alipiga kelele kwamba huyo binti apewe bunduki kabisa, mipaka ya nchi ilale salama. Wahuni wa huku Ngarenaro nao wakanigeukia mimi, eti Mjomba leo umekula nini, mbona unaita kama mchungaji wa Krismasi. Nikawaambia wanyamaze, wako mbele ya mamlaka.

Kabla ya fainali kamati iliniita kando. Walihoji kama ni sawa mjomba kumchezesha mpwa wake. Niliwaambia nimewahi kumfutia pointi mchungaji wangu mwenyewe kwa kukanyaga mstari, na Jumapili yake nikapiga magoti kwenye Meza ya Bwana mbele yake, akanipa bila kinyongo. Wakaniachia kazi. Laiti wangeshikilia.

Aliyefika naye fainali alikuwa Nasieku wa Moshono, msichana mrefu asiyecheka. Walikwenda sawasawa mpaka mchezo wa mwisho. Nasieku akawa amebakiza arobaini. Brightness akasogea mstarini. Kutoka pale aliposimama namba yake haikuonekana, kwa hiyo akauliza kwa utaratibu kabisa, mwamuzi nimebakiza ngapi. Hakuniita mjomba, ana adabu ya mchezo. Nikamjibu kwa sauti ile ile ya nyati: thelathini na mbili.

Alirusha kimoja tu. Dabo ya kumi na sita, katikati kabisa, kama amekiweka kwa mkono. Ukumbi ulilipuka. Yule muuza ndizi alirusha kitenge juu. Brightness akakimbia, akakichomoa kishale, akakibusu, akaja kunikumbatia kwa nguvu mpaka nikayumba pembeni. Alikuwa analia kifuani kwangu, ananiambia kwamba hatarudi kwenye maua, hatarudi tena.

Ndipo Nasieku akanyoosha kidole kwenye ubao wa hesabu. Palikuwa pameandikwa thelathini na sita.

Zilibaki nne, dada. Alikuwa bado ana vishale viwili mkononi, na dabo ya mbili angeipiga hata akiwa anapiga chafya. Lakini ukishachomoa kishale ubaoni zamu yako imekwisha. Ndiyo sheria, na wa kuitamka ni mimi. Niliitamka. Sauti haikufika hata mlangoni. Nasieku akaja, akakosa kimoja, cha pili kikaingia dabo ya ishirini. Hata yeye hakushangilia. Kocha Diana akamshika bega, akamwuliza kama ana mtu wa kumuaga.

Kamati iliponiuliza nilisema kelele zilikuwa nyingi na mchezaji alipaswa kuhakiki mwenyewe. Wakaandika hivyo hivyo. Muuza ndizi alinipita mlangoni akasema eti mimi kupaza sauti najua, kuhesabu ndiyo sijui, afadhali wangeweka spika ya msikitini. Nikabaki nimebana mgongo ukutani mpaka wote watoke.

Tulirudi kwa miguu gizani, mimi nyuma yake. Tulipofika mlangoni Brightness akaniambia mjomba usijitese, mtu anatakiwa ajihesabie mwenyewe, kosa ni langu. Ananifariji mimi! Kisha akakohoa kile kikohozi, akaingia ndani.

Leo baada ya ibada nilikwenda nyumba ya wageni alikofikia kocha. Nilikuwa nimepanga maneno makubwa, nimtajie na yule Mzungu. Walishaondoka alfajiri. Mhudumu alikuwa anakunja mashuka. Nilimpigia mwenyekiti wa kamati, akasema matokeo ni matokeo, halafu akaniambia kwa upole kwamba hata ule ubao wa baa yetu hapa Ngarenaro unang'olewa wiki hii, wanaweka mashine za kubeti, kwa hiyo nipumzike kidogo. Kupumzika kutoka kwenye nini, hakusema.

Hivi ninavyoandika mwanao anapiga pasi ile sare ya bandani. Kesho anarudi kwenye maua. Vishale vyake ameviacha juu ya meza yangu, hakusema nivitunze wala nimpe mtu. Nimejaribu kutafuta mahali pa kumpeleka, nimewaza kila ninayemjua, na wewe unajua nimekuwa nikisema nawajua watu wengi. Sijampata hata mmoja.

Watu nimewaambia taa zilififia. Wengine nimewaambia Lomayani anaandika sita kama mbili. Yote uongo, na mwongo ni mimi. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni, wewe nitakuambia.

Tulipokuwa tunajiandaa kwa fainali kishale kilianguka. Nikainama kukiokota kwa mbwembwe, kama ninavyopenda, na suruali ikachanika nyuma, kutoka mkanda mpaka chini. Makofi yalikuwa mengi, hakuna aliyesikia. Ningeweza kusema. Yule mama angenipa kitenge nijifunge, wangecheka kidogo yakaisha. Mimi nikarudi kinyumenyume nikabana mgongo kwenye ubao wa hesabu, upande wa Brightness, na hapo nikaganda fainali nzima. Maskini Lomayani akawa anapenyeza mkono ubavuni kwangu ili aandike. Wakadhani ni mtindo wangu. Ndiyo maana mwanao hakuiona namba yake. Na alipouliza, ilinipasa nigeuke nisome, na kugeuka ni kuupa ukumbi mgongo. Nilikumbuka tu ni thelathini na kitu. Nikaita iliyokuja mdomoni.

Ni hilo tu, dada. Si macho wala umri. Suruali.

Mpe shemeji salamu zangu, na mama mkwe wako, na wote wa jumuiya wanaonikumbuka kwa mema. Ukiwa na nafasi shuka uje umwone binti yako, kifua chake hakinipi usingizi. Na ukija, umwambie wewe habari ya suruali, kwa maana mdomo wangu, pamoja na ukubwa wake wote, umeshindwa. Ila kwamba nguo zangu za ndani zote zilikuwa bado mbichi kwenye kamba, na chini ya suruali ile sikuwa nimevaa kitu, hilo nakuomba ubaki nalo mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Elihuruma