Azalia Zilizozama

Dada Twyla, usinipigie, nitalia. Soma tu.

Nimemfokea Baba. Uani, jirani anatazama!

Si unajua kila Oktoba lazima apande maua yake ya azalia? Leo nimetoka kazini nikakuta mashimo chini ya dirisha la chumba chake na Mama. Marefu, Twyla! Yanafika magotini. Baba huyuhuyu aliyefundisha nusu ya mji wetu wa Mobile kwamba azalia haizamishwi, mizizi iinuke kidogo juu ya udongo, la sivyo inaoza. Zako si alizing'oa mwenyewe mbele ya wageni, eti umezididimiza?

Mbili alishazifukia. Majani ya juu tu ndiyo yanachungulia.

Nikapiga kelele, "Baba, unapanda au unazika?"

Unapanda au unazika. Kwa mdomo wangu huu!

Wala hakukasirika. Akasema polepole, "Punguza sauti, mwanangu. Mama yako kalala. Baridi inamtesa sana siku hizi, ila hasemi. Ndiyo maana nazifunika vizuri."

Twyla, Mama tulimzika Machi. Baba mwenyewe alibeba jeneza.

Naye akanipa beleshi, kama zamani nilipokuwa mdogo, akasema, "Haya, nisaidie, kabla hajaamka."

Nikalipokea. Ya tatu tumeifukia pamoja hadi shingoni, akatandaza majani ya misonobari juu yake, akayapapasa, akatabasamu.

Hadi Pasaka zote zitakuwa zimeoza. Najua, maana yeye ndiye aliyenifundisha.