Nyar Amerka Apata Macho

Jumamosi. Mvua imenyesha na joto bado limekataa kuondoka Kisumu. Viatu vyangu vina matope ya Bondo na sina nguvu ya kuviosha.

Leo nimempenda mume wangu upya. Naandika hivyo bila haya.

Mwezi uliopita mama alinipigia simu akasema anauza Nyar Amerka, binti wa Amerika. Ndivyo Bondo nzima inavyoliita gari la marehemu baba, alilorudi nalo kutoka masomoni, usukani ukiwa kushoto. Alisema macho yake yamekwisha. Jua likizama tu, haoni barabara. Nililia, na si kwa sababu ya gari. Mama yangu hajawahi kuwa mtu wa kukaa nyumbani. Wagonjwa, kwaya, hata mbuzi wa majirani, wote wamebebwa humo.

Mume wangu, Ouma, ni fundi wa umeme wa magari hapa Kondele. Nilipomweleza alicheka. "Macho ya Mama hayana shida. Taa ndizo vipofu."

Taa zile za Kimarekani zimezibwa kama chupa, na moto wa betri unazifikia umechoka, kwa kupita kwenye swichi na waya nyembamba za zamani. Akaamua kufunga za Kiulaya, zenye kioo kinachopanga mwanga na balbu ya kubadilishwa, na waya nene kutoka kwa betri. Katikati anaweka rilei. Swichi inatoa amri tu, rilei ndiyo inayopeleka moto.

Tatizo ni kwamba Ouma na mama hawaongei. Si ugomvi, ni heshima. Kwetu mtu na mama mkwe wake husalimiana kwa mbali, na hawezi kuingia bomani kwake akakunja mikono ya shati. Kwa hiyo tulikutana uwanja wa kanisa, mbele ya ukuta mweupe. Mama alikaa kwenye usukani, maana taa hupimwa gari likiwa na uzito wa dereva wake. Ouma alipiga magoti mbele ya boneti.

"Mwambie Mama awashe dim, zile za chini."

"Mama, washa dim."

Hatua tatu baina yao! Basi rilei nyingine ilikuwa mimi.

Hiyo ilikuwa Jumamosi iliyopita. Giza lilipoanza, mwanga ulikaa ukutani umenyooka, nikapiga makofi. Ouma hakupiga. Upande wa kulia mwanga ulikuwa unapanda juu. Vioo vilikuwa vya Ulaya kweli, lakini Ulaya ya wale wanaoendesha kulia. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ule mwanga ungempiga usoni dereva anayekuja.

Hakuna mtu pale angejua. Ninawafahamu mafundi, angeweza kusema "itakubali tu" tukaenda nyumbani.

Alivifungua vyote, mbele ya mama mkwe wake.

"Mwambie Mama nimekosea. Nimeleta taa za barabara ya watu wengine."

Nilimwambia. Njiani kurudi Ouma alivipakata vioo vile. Nilimwonea huruma, na nilijivunia kuwa mke wake.

Leo amerudi na vioo sahihi. Mwanga unapanda kushoto, pembeni mwa barabara, wanakopita watu. Jioni mama alilitoa gari, mimi kando yake. Mbele kabisa tukamwona mzee akisukuma baiskeli yenye gunia la makaa. Mama akapunguza mwendo mapema, akampita taratibu. Alikuwa anatabasamu peke yake.

Tuliporudi, Ouma alikuwa amesimama kando ya ukuta, macho chini. Mama alishusha kioo cha dirisha. Nikajiandaa kupeleka ujumbe.

"Ouma," akaita mwenyewe. "Macho yangu ni mazima."

"Ndiyo, Mama."

"Na gari siuzi. Erokamano, mwanangu."

Asante hiyo haikupitia kwangu. Mama akautumbukiza ufunguo kifuani, na Ouma akajifanya anakagua tairi ambalo halikuwa na neno. Nilimwona akipangusa macho.

Mama amenipigia sasa hivi. Kesho anapeleka kwaya Siaya na kurudi jioni, na anasema safari hii atakanyaga mafuta kidogo. Nani atamwambia Mama apunguze mwendo, mimi ama mkwe wake?