Kiitikio cha Mama

4 Juni

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hunijui, lakini natumaini barua hii itakukuta mzima. Kuna jambo sijapata kumwambia mtu yeyote, hata Baba: jana nilisimama mlangoni kwa Mama nikaomba afe. Tangu hapo siwezi kumtazama usoni.

Mimi ni binti wa mdogo wako. Bado nasoma. Mama alipata kiharusi. Upande wa kulia umelala na kauli imepotea. Sasa anakataa kula. Nikisogeza kijiko, anabana meno. Daktari amesema akiendelea hivi atapitishiwa mpira wa kulishia puani, na hana hakika kama mwili wake utastahimili.

Yule mzee aliyekuwa akikupigia besi alikuja kumjulia hali. Akaweka santuri ya ule wimbo wa zamani wa soul, wa yule mwimbaji maarufu, ambao kila mtu anaupenda. Mama akaimba! Mtu asiyeweza kusema “maji”! Lakini waitikiaji walisema “Njoo, njoo,” yeye akasema “Mimi hapa.” Akapotea njia, akalia, akageukia ukutani.

Nikasema, “Maskini, kasahau maneno.”

“Hajasahau,” mzee akanijibu. “Anaitikia wa dada yake, ule wa kwanza. Huyu wa redioni aliukuta umeshapikwa, akapakua.”

Ndipo nikajua Mama ana dada. Anwani amenipa yeye. Nakuomba, njoo umwimbie.

Mwanao

12 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima wa kusimama tu. Hapa kwa dobi ninapofanya kazi, mvuke wa pasi unatuivisha mashavu.

Huyo mzee ana mdomo kama ndoo iliyotoboka. Haya, nikumalizie. Wimbo niliutunga mimi. Tulirekodi mimi na mama yako. Kipaza sauti kilikuwa kimoja, na sauti yake kali kama filimbi, kwa hiyo yeye aliitikia akiwa amesimama nje ya mlango. Redio ziliupiga kidogo, zikauacha. Kisha kampuni ya santuri ikamtafuta mwimbaji mwenye sura ya kuuza, aurudie.

Huyo simlaumu, simjui. Ila siku moja nakata vitunguu, redio inaimba wimbo wangu kwa mdomo wa mwingine, na nyuma yake nasikia filimbi. Mama yako. Hakuwa ameniambia hata neno.

Santuri yangu niliivunja. Sauti nayo sina. Nilipasuliwa koo, sasa naongea kama bawaba kavu. Siji. Pole kwa kuuguza.

Mama Mkubwa

19 Juni

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na pole kwa koo. Sisi tuko hospitalini tangu juzi. Mama amebaki macho na mifupa.

Barua yako sikuimaliza kwa mara moja. Basi sauti inayosema “Njoo” kwenye santuri ile ni yake mwenyewe! Na bado, akiisikia, anaimba kiitikio chenu cha kwanza juu yake. Anajipinga mwenyewe, Mama Mkubwa. Huoni?

Nimejaribu kumwimbia mimi, kwa kunong'ona. Darasani nikiambiwa nisome kwa sauti hutamani sakafu inimeze, sembuse wodini. Alivuta pumzi kama anayetaka kuanza, kisha akanyamaza. Nakosea wapi? Na kama huji, niambie nimwambie nini kutoka kwako. Neno moja tu.

Mwanao

25 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Koo halina habari mpya.

Unakosea kwa sababu umejifunzia redioni. Yule bibi anakimbia kama kuku aliyemwagiwa maji. Anza chini, pale unapoguna ukiinua mzigo. Mstari ukiisha, nyamaza. Usimsaidie. Mama yako huchelewa. Hata kuzaliwa alichelewa. Mimi sikumkatiza kamwe. Ngoja mpaka uone aibu, kisha ungoje tena.

Kuhusu neno, sina. Usimwambie lolote kutoka kwangu. Wimbo nimekupa. Usiuharibu.

Mama Mkubwa

30 Juni

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, unisamehe.

Jana muuguzi alikuja na mpira kwenye sinia, wakati wodi imejaa wageni. Nikamwomba aningoje. “Fanya haraka, mwanafunzi,” akasema, akaendelea kuvaa glavu.

Nikaanza chini. Mama wa kitanda cha pili akauliza, “Na huyu mtoto naye anaumwa?” Watu wakacheka. Mstari ukaisha, nikanyamaza. Nikaona aibu. Nikangoja tena.

Mama, macho kayafumba, akaitikia, “Mimi hapa.”

Tulikwenda hivyo mpaka mwisho, na hakuna aliyecheka tena. Kisha akasema, bila kuimba, “Dada.”

Nikamwinamia.

“Dada… umenisamehe?”

Ulinikataza. Niliitafuta ruhusa katika barua yako, mstari kwa mstari, sikuiona. Muuguzi alikuwa ameshaushika mpira. Nikaishusha sauti mpaka pale pa kuinulia mzigo, nikasema, “Nimekusamehe, mdogo wangu.”

Akafungua mdomo. Nikachukua bakuli la supu mezani, nikampa kijiko, akameza. Nikampa cha pili, akameza. Cha tatu kikamwagika. Nikamfuta kidevu, nikachota kingine.

Mwanao