Samaki wa Manjano Aliyetangulia Kuingia

Kolathur, Chennai

Mjukuu wangu Kuyili,

Wewe mtoto, miguu yako imeota mizizi huko Pune? Sikukuu ya Pongal iliyopita uliondoka hapa chungu hakijapoa, hata muwa wako hukuumaliza, na sasa Pongal nyingine inakuja. Sikukuu ya taa ya Deepavali tumekaanga vitafunio vya kulisha mtaa mzima, na kiti chako akakikalia paka wa jirani. Kwenye simu kila nikifungua mdomo unaniambia mtandao mbovu. Haya, barua haina mtandao. Kaa chini uisome mpaka mwisho.

Hujambo lakini? Unakula? Nasikia asubuhi unakunywa chai na mkate wa dukani, nami nimemuuliza mama yako kama kweli huyo alimzaa yeye. Sisi huku hatujambo. Magoti yangu yananisema kila nikipanda ngazi, na mimi nayajibu. Baba yako ni mzima, ila tangu astaafu reli hajui aiweke wapi mikono yake. Anayeandika ni mama yako. Mimi nasema, yeye anaandika, maana shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mbuzi. Nimemwapisha asipunguze neno. Nikisema jambo linalomchoma, kalamu yake inaishiwa wino ghafla, lakini ninayo nyingine hapa mapajani.

Najua kinachokuweka mbali. Ni Nambi wako, na mimi niliyemkataa. Mnajimu alipima nyota zenu kwa yale mambo kumi, saba yakakubali, lakini lile la uhai wa mume likakataa katakata. Nikasema mbele ya watu wote kwamba ndoa hiyo haitapita kwenye mlango wangu nikiwa hai. Sijasahau, na wewe hujasahau. Nitafika huko. Kwanza nikupe habari za samaki, na usiziruke, maana utapotea njia.

Baba yako amenunua tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto. Amelijaza maji ya chumvi, akapanga mawe yenye matumbawe yaliyo hai, akaning'iniza taa za buluu na kuweka mashine zinazochuruza maji mchana na usiku. Kisha akaliacha hivyo hivyo wiki nyingi bila samaki hata mmoja, eti maji yanakomaa. Ukipita sebuleni usiku ungedhani ni hekalu linalongoja mungu wake afike. Mama yako alikuwa analizunguka na ufagio bila kusema kitu, na unajua mama yako akinyamaza ni mbaya kuliko akisema.

Ikafika siku ya kuchagua samaki, na baba yako, Elango wangu, akaanza kusitasita. Alikuwa amesoma kwenye simu mpaka macho mekundu. Huyu anamla yule, yule anatafuna matumbawe, mwingine hawezi kumwona wa sura yake bila kupigana. Nikamwambia aniachie mimi. Katika mtaa huu nani amewaoza watoto wa watu kama mimi? Kujua nani atakaa na nani ndiyo kazi yangu.

Tukaenda kwa Jeyanthi, mwenye duka la samaki wa baharini kule sokoni, mwanamke wa asumini kichwani na mikono iliyolowa mpaka viwikoni. Nikamuuliza habari za kila samaki: tabia yake, anakula na wenzake au ananyakua, ana ugomvi na nani. Akaniuliza, "Bibi, unanunua samaki au unatafuta mchumba?" Nikamwambia tofauti iko wapi, wote wanaingizwa kwenye nyumba isiyo na mlango wa nyuma. Akacheka, akaniletea kigoda.

Si mwongo yule mwanamke. Kulikuwa na mmoja mkubwa mwenye pete za buluu, mzuri kama bwana harusi, nikamtaka. Akanikataza, akasema huyo nikimweka penye matumbawe atayatafuna kama vitafunio vya Deepavali. Basi tukachukua wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wadogo wote. Alisema mmoja atakua awe mke, na mume atabaki mdogo akimfuata nyuma. Nikamwambia baba yako asikilize vizuri hapo. Tukachukua na wapole wa mapezi marefu, wanaotembea kama wageni wanaoogopa kuchafua sari. Na kimoja kidogo, cha rangi ya manjano kama kimesagwa jikoni kwangu. Huyo, Jeyanthi akasema, nimweke mwisho wa wote, ana mdomo.

Kuna jambo moja nilikataa. Alitaka kunipa samaki mwembamba wa mchangani anayeishi shimo moja na kamba. Nikamuuliza tangu lini samaki akaoana na kamba, nani alipima nyota zao. Baba yako akawalipia wote wawili nikiwa nimegeuka.

Sasa nyumba mpya inaingiwaje? Nilichemsha maziwa kando ya tangi mpaka yakafurika, nikawasha taa ya mafuta. Baba yako alilala juu ya kifuniko kama askari, akidhani nitamimina maziwa ndani. Nani atangulie? Uzi wa ndoa wa bibi arusi tunaupaka manjano. Pembe za kadi ya harusi tunazipaka manjano. Nikasema wa manjano ndiye atakayetangulia, na wengine wangoje kwa Jeyanthi mpaka wiki ijayo. Elango akanikumbusha taratibu kwamba Jeyanthi alisema awe wa mwisho. Nikamjibu Jeyanthi anauza samaki, mimi naingiza mabibi arusi.

Mjukuu wangu, wiki ile moja yule kiumbe alipima kila tundu la mawe yale akaliandika jina lake. Wenzake walipoingia, hakuwapa hata pembe ya kupumua. Si mkubwa kuliko kidole changu cha gumba, lakini aliwafukuza wote. Wa rangi ya chungwa wakabanana nyuma ya mashine. Wapole mapezi yakachanika kama nguo iliyonaswa na miiba, na mmoja akaacha kula kabisa, akawa analala ubavu. Mama yako alisimama pale na ufagio wake akasema polepole kwamba samaki huyu anamkumbusha mtu. Nikamuuliza nani. Akasema mchuzi wake unaungua, akaenda jikoni. Hakukuwa na mchuzi wowote jikoni.

Waliokuwa na amani ni wale wawili niliowakataa. Yule kamba ni nusu kipofu, anachimba kutwa nzima kama fundi anayelipwa kwa mzigo, na wakati wote sharubu yake imegusa mkia wa samaki. Samaki halali, anaangalia huku na huku. Wa manjano akija, mkia unatikisika kidogo na wote wawili wamo shimoni. Nilikaa kuwatazama mpaka kahawa yangu ikapoa, na unajua mimi kahawa iliyopoa sinywi.

Elango alijaribu kumkamata wa manjano kwa wavu, akaambulia maumivu ya mgongo. Ndipo akapiga simu. Alidhani nimelala. Alimpigia Nambi. Kumbe huyo kijana wako, mwalimu wa kemia, ndiye amekuwa akimwelekeza habari za maji ya chumvi tangu mwanzo, na mama yako anajua. Kalamu imekwama hapa. Nimempa nyingine.

Nambi akaja Jumapili. Akainama kunigusa miguu kwa heshima, nikaivuta chini ya kiti, lakini ni mwepesi, akaipata. Akavua saa, akazamisha mkono mpaka kwapani, akatoa mawe yote, akamnasa wa manjano ndani ya chupa. Kisha akauliza nani alimtanguliza huyu. Baba yako akatazama dari, mama yako akatazama sakafu. Nikasema mimi.

Akasema, "Basi bibi, kosa si la samaki. Umempa nyumba nzima peke yake, halafu unamletea wapangaji. Hata mimi ningewang'ata."

Tangu babu yako afariki hakuna mtu aliyeniambia neno namna hiyo. Nikamuuliza, kwa hiyo? Akasema atapanga mawe upya ili asiwepo anayejua chumba chake, halafu wote waingie pamoja, asitangulie mtu. Nikamwambia sasa ni saa mbaya, kwa saa hii hakianzishwi kitu kwangu. Nilingoja abishe. Aliangalia saa ya ukutani, akasema atangoja. Akala wali wa maziwa ya mgando na achari ya ndimu, akaongezwa, akaongezwa tena. Saa mbaya ilipopita alinyanyuka mwenyewe bila kuambiwa, akawaweka wote kwenye bakuli moja, akawamwaga mara moja. Wa manjano akazunguka na kuzunguka akitafuta nyumba yake, hakuiona. Mdomo bado anao, lakini sasa anang'ata akishakula tu. Yule aliyelala ubavu anaogelea, na mapezi yameota.

Sasa sikiliza. Na wewe mkwe wangu Sivagami, andika, usinitazame.

Mimi sina nyota. Hakuna ajuaye siku niliyozaliwa wala saa. Mama yangu alikumbuka tu kwamba wiki hiyo ng'ombe mweusi alizaa. Watu wa babu yako walipotaka nyota yangu, baba yangu alibeba fenesi akaenda kwa mnajimu, akamwambia anitungie nyota za kumfaa kijana huyu. Yakatoka mambo kumi kwa kumi. Kijiji kizima kilikuja kumtazama bibi arusi wa kumi kwa kumi. Nilimwambia babu yako ukweli mapema. Alicheka mpaka akabiringika kutoka kwenye mkeka, akasema saa yake yeye ilikisiwa na shangazi ambaye hakuwa na saa. Na aliishi. Aliishi mpaka meno yakamwisha yote. Wewe ndiye uliyekuwa ukimtwangia tambuu.

Mama yako ameweka kalamu chini. Nyota yake yeye niliipeleka kwa wanajimu watatu kabla sijamruhusu kuolewa na mwanangu. Ametoka nje. Amerudi. Amesema neno moja ambalo sitaki liandikwe, kisha amecheka mpaka ameshika mbavu.

Sisemi mnajimu ni mwongo. Nasema niliogopa, na bado naogopa kidogo, kwa sababu nakupenda. Lakini nimemtazama akila. Mtu anayekula vile hana mpango wa kufa karibuni.

Mama yako anakusalimu, na leo ana sababu ya kuimba jikoni. Baba yako anakusalimu, anasema chumvi ya maji iko sawa. Jeyanthi anauliza harusi lini, nimemwambia ashughulike na wateja wake. Wa manjano naye anakusalimu kwa meno.

Njoo Pongal. Mwambie Nambi akupokee kituo cha reli, mje naye hapa. Usitangulie wewe ukamwacha nje kama mwizi, wala asitangulie yeye. Mlango wetu ni mwembamba, unaujua, bananeni. Mguu wa kulia, wote wawili, kwa mara moja. Maziwa nitachemsha mimi.

Bibi yako,
Pechiammal
(hicho kidole hapo chini ni changu, nimekipaka manjano)