Kijiti Cheusi cha Redio Yangu

Mjukuu wangu Hamadi,

Hivi wewe huko Dar es Salaam umefungwa kamba? Idi ngapi zimepita hujatia mguu hapa kwetu Chake! Salamu nakupa kwa kuwa Mungu kaniamrisha: asalaam aleikum. U mzima? Unakula? Mie mwili mzima, moyo ndio mbovu. Anayeniandikia ni jirani yangu Bi Zuwena, na nimemwambia asipunguze neno.

Unaikumbuka ile koili yako? Ulizungusha waya kwenye mwanzi, ukaiunga na betri na vyuma vya motokaa mbovu ili irushe cheche. Kisha ukaifungua redio yangu, ukachomoa kile kijiti cheusi mfano wa mkaa.

"Bibi, hiki ndicho kinachokusanya sauti za mbali. Nikikitia ndani ya koili, cheche zitarefuka."

Nikakwambia kiache. Ukacheka. Ulipokitia, cheche zikafifia. Ukasema kijiti kimeivuruga koili, imepoteza mlio wake, ukazidisha moto wa betri. Moto ukarukia kijiti, tak! Vipande. Ukaniapia utaniletea kingine.

Sikumwambia mtu. Redio ikawa bubu, nikaiacha rafuni na kitambaa chake, watu wasije wakasema mjukuu wa Bi Time ni mharibifu.

Basi mwezi uliopita Bi Zuwena kaja, kanishika mkono. "Pole, shoga."

"Pole ya nini?"

"Wee! Ya dada yako Bi Asha. Si katangazwa redioni? Sote tulijua umesikia, tukadhani umeshavuka kwenda Unguja msibani."

Hamadi, dada yangu kazikwa, hitma imesomwa, na mie niko uani napepeta mchele! Hakuna aliyenigongea mlango, hata mama yako, kwa kuwa Bi Time ana redio. Sasa wanawe wamenuna. Wanaona nilisikia nikapuuza. Aliyenilea mgongoni mwake, nimpuuze?

Sikulaani. Nitakulaanije, nawe ndiwe niliyekutafunia chakula? Lakini nina uchungu nawe, na sikufichi.

Mama yako anakusalimu, na mjomba wako wa Kisiwa Panza pia. Mkeo mpe mkono wangu. Yeye sina neno naye.

Ukija, usianzie kwangu. Shuka Unguja, nenda kwa wana wa Bi Asha, uwaambie kwa kinywa chako kwa nini sikufika. Kisha njoo na kijiti, ukitie kwa mkono wako. Wali wako utaukuta.

Mie bibi yako,
Time binti Faki