Nguo Zako Nilizianika Nje

Mama,

Nguo zako nimezifua. Najua ungeuliza hilo kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula. Nimekula.

Tangu tukuzike zilikuwa kwa lile gunia chini ya kitanda. Dada yako, Anti Rose, alikuwa akinipigia simu kutoka mtaa wa Raila kila mara: zifue Okoth, uzilete tugawie watu, zisije zikashika uvundo. Nilikuwa namjibu sawa Anti, halafu narudi kulala. Watu wananiuliza kama nina uchungu. Nasema niko poa, na sidanganyi, kwa sababu hakuna kitu nasikia. Ni ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nakula, naenda mjengo, nabeba mawe, narudi.

Jumamosi hakukuwa na kazi, nikatoa karai.

Halafu nikafanya kitu ambacho ungenipigia kelele. Nilizianika nje, kwa kamba ya ploti, peupe kabisa. Lile rinda la kijani la kanisa, leso, ile sweta uliyoshona kiwiko. Wewe zako nzuri ulikuwa ukizianika ndani, juu ya kitanda, maji yakitudondokea tukila. Hapa mtaani Kongo, ulikuwa ukisema, ukianika nje kaa hapo uchunge, maana ukienda hata choo unarudi kupata pegi tu.

Lakini neno hilo, kuanika, hukulitumia kwa nguo peke yake. Nikiwa mdogo nilimwambia mwalimu kwamba tulilala njaa, ukanivuta sikio njia yote: "Mbona unanianika?" Na ulipokuwa mgonjwa, nilitaka kumwambia Mama Mutua wa mlango wa pili awe akikuogesha nikiwa kazini. Ukakataa kabisa. "Usinianike, Okoth. Watu wakijua pahali unaumia, hapo ndipo watakuonea." Kuonewa, kubebwa ufala kama mjinga, kuitwa laini, kwako hayo yote yalianzia kwa kujianika. Na tena Mama Mutua! Huyo ulimnunia kwa sababu ya kamba hiyo hiyo, eti anasukuma nguo za watu kando aweke za wajukuu wake. Salamu yenu ilikuwa ya mdomo tu.

Basi nikakaa kwa kistuli nikachunga. Upepo ukaingia kwa rinda lako. Likajaa, mama. Likawa na mabega.

Niliinuka nikatoka kwa geti. Sikufikiria ninaenda wapi. Nilipita Kabiro, nikaendelea tu, mpaka nikajipata kwa mlango wa Anti Rose, yeye akikaanga samaki. Akanipa kikombe cha uji. Nikanywa. Akauliza, "Na zile nguo?" Nikamwambia ziko kwa kamba.

"Haiya! Na nani anazichunga?"

Aki mama. Uji niliuacha hapo hapo.

Nilikimbia mpaka nikasikia ladha ya damu mdomoni. Nilipofika, kamba tupu. Hata pegi hakuna. Nilisimama katikati ya ploti nimeshika hiyo kamba, na ile ganzi ikatoka yote mara moja. Nililia. Si kule kulia kwetu kwa chini ya blanketi. Nililia kwa sauti, mchana, mbele ya wanawake na karai zao, mpaka watoto wakaacha mpira. Nilikuwa nikisema wamechukua mama yangu. Sikusema nguo.

Mama Mutua akatoka kwake mbio. "Woi, Okoth! Nani amechukua nini?"

Alikuwa nazo, mama. Zilikuwa kitandani kwake, zimekunjwa vizuri, sweta juu. Aliniona nikitoka geti bila hata kuangalia nyuma, akaleta kiti akakaa kwa jua mpaka zikakauka. "Mama yako angenitolea macho nikiangusha hiyo rinda kwa vumbi," akasema, na akacheka kidogo, na yeye pia akajipangusa uso. Nguo zake mwenyewe zilikuwa bado kwa karai, zimelowa, kwa sababu kamba ilikuwa imejaa zako.

Nimemwambia kila kitu. Kwamba siwezi kulala kwa hii nyumba bila redio. Kwamba naogopa. Ni mimi mwanaume mzima nikisema naogopa, na mlango wake uko wazi, na watu wanapita. Nimengoja waanze kunionea. Bado nangoja. Jana mtu aliniletea sahani ya githeri.

Nimekukasirikia kidogo, wacha niseme. Angekuogesha. Alikuwa hapo tu, mlango wa pili, na ulioga peke yako ukishikilia ukuta.

Kesho nampelekea Anti nguo, zote isipokuwa sweta. Hiyo nakaa nayo. Na Jumamosi, Mama Mutua akianika, nitatoa kistuli nikae hapo mpaka zikauke. Hiyo ni ahadi. Zangu pia nitaanika nje, kando ya zake, na nikiumwa nitasema.

Pumzika sasa, mama. Hakuna kilichopotea. Hata pegi ziko zote.

Okoth wako